HISTORIA: Maji Taka Yalivyookoa Samaki wa Mapambo, na Siri Inayokaa Ndani ya Pipa

Bwawa jipya la bustanini lina tabia moja ya kikatili. Siku ya kwanza maji yanang'aa mpaka ukidondosha sarafu unaisoma ikiwa chini. Samaki wanaogelea, picha zinapigwa, stori zinapostiwa. Wiki ya pili samaki wanaanza kupanda juu na kuhema midomo wazi, mapezi yamebana mwilini, mmoja kalala upande. Wiki ya tatu wanaelea tumbo juu mmoja baada ya mwingine. Na maji? Bado yanang'aa vilevile!

Hapo ndo kila mtu anaanza kutafuta mchawi. Jirani kamwaga kitu. Chakula kimeoza. Aliyewauza kauza wagonjwa. Kumbe muuaji yupo mlemle majini, hana rangi, na wanaomtengeneza ni samaki wenyewe.

Muuaji huyo anaitwa amonia. Samaki akila, mwili wake unatoa amonia, na sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua, yaani palepale anapopumulia. Kwenye ziwa au mto hiyo sio ishu, maji ni mengi na samaki wametawanyika. Kwenye bwawa dogo la bustani samaki anaishi kwenye chumba kimoja ambacho ni jikoni, sebule na choo kwa pamoja. Chujio la kitambaa halisaidii, maana amonia imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Huwezi kuichuja. Lazima kuwe na kitu cha kuila.

Hicho kitu kinachokula amonia kipo, na leo watu wanakifuga ndani ya pipa la plastiki nyuma ya nyumba. Ila safari yake mpaka kufika kwenye pipa haikuanza na wapenda samaki. Ilianza chooni.

WAKULIMA WA MLIMANI AMBAO HAWAKUHITAJI FILTA

Tuanze na samaki mwenyewe. Wale koi wenye mabaka mekundu, meusi na meupe unaowaona kwenye mahoteli makubwa na kwenye video za matajiri, asili yao ni Japani, mkoa wa Niigata, kwenye vijiji vya milimani eneo la Yamakoshi. Huko theluji ni nzito kinoma, na zamani kijiji kingeweza kukatika na dunia miezi kadhaa. Wakulima wa mpunga walifuga samaki aina ya kapi kwenye mabwawa ya kumwagilia mashamba ili wapate kitoweo. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 wakaanza kuona vitoto vyenye rangi ya ajabu. Badala ya kuvila, baadhi yao wakavitenga na kuvizalisha.

Majina ya wale wakulima wa mwanzo hayajulikani. Hawakuwa maprofesa, walikuwa watu wa jembe wenye jicho kali. Na hawakuwa na filta hata moja, kwa sababu hawakuihitaji. Mabwawa yao yalikuwa ya udongo, makubwa, maji ya kijani, samaki wachache. Ule udongo wa chini na ule utelezi kwenye mawe ulikuwa na vijidudu vinavyofanya kazi ya usafi usiku na mchana bila kudai mshahara. Wakulima walikuwa na filta ya kibaiolojia na hawakujua kama wanayo.

Shida ilikuja pale samaki walipohamishwa kutoka kwenye tope na kupelekwa kwenye saruji.

MRIJA WA KIOO ULIOBADILI KILA KITU

Sasa tuhamie Ulaya. Miaka ya 1800 miji ilikuwa inanuka, tusifichane. London mwaka 1858 mto Thames ulinuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni kwa raha. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu kwa maelfu. Kila mji mkubwa ulikuwa na swali moja: haya maji taka tuyapeleke wapi?

Watu walishajua kwamba ukiyamwaga maji taka shambani, yanapenya chini na kutoka yakiwa na unafuu. Ile amonia inakuwa imegeuka kuwa nitrati, kitu ambacho mimea inakipenda. Wengi waliamini hiyo ni kemia tupu, hewa na udongo vinakutana, basi.

Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Ufaransa wakafanya jaribio la kibishi. Walichukua mrija mrefu wa kioo, wakaujaza mchanga uliochanganywa na chokaa, wakawa wanapitisha maji taka polepole kutoka juu. Siku 20 hivi za mwanzo hakuna kitu. Amonia inaingia, amonia inatoka. Angekuwa mtu mwenye haraka angevunja mrija akaenda zake. Baada ya hapo nitrati ikaanza kutokea, na amonia ikapungua mpaka ikaisha.

Jamaa wakajiuliza: kama ni kemia tu, kwa nini ilisubiri siku zote hizo? Wakapitisha mvuke wa klorofomu kwenye mrija, ile dawa iliyotumika kulaza wagonjwa kabla ya upasuaji. Kazi ikasimama papo hapo. Wakaiondoa klorofomu, wakasubiri wiki kadhaa, kimya. Kisha wakamwagia maji kidogo yaliyooshea udongo wa kawaida, na mrija ukaamka tena!

Maana yake ni nini? Mle ndani mlikuwa na viumbe hai. Ile subira ya mwanzo ilikuwa ni muda wao wa kuzaliana, na yale maji ya udongo yalikuwa mbegu mpya. Miaka michache baadaye, karibu na 1890, mwanasayansi mmoja Mrusi aliyekuwa anafanya kazi Uswisi akafanikiwa kuvitenga vijidudu vyenyewe. Akagundua vimegawana kazi: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, lingine linageuza nitriti kuwa nitrati. Tena havihitaji sukari wala nyama. Nguvu zao zinatoka kwenye amonia na oksijeni.

Kaa na jambo moja kutoka kwenye mrija ule: filta mpya haifanyi kazi siku ya kwanza. Hata ungeinunua kwa bei ya pikipiki, haifanyi.

KOKOTO ZA LAWRENCE NA MITUNGI YA MANCHESTER

Mwaka 1887 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilifungua kituo cha majaribio mjini Lawrence, kando ya mto Merrimack. Kazi yao ilikuwa kumwaga maji taka kwenye matangi yenye mchanga na kokoto na kuangalia kinachotoka chini. Waligundua kwamba hata kokoto kubwa, ambazo haziwezi kuchuja uchafu kama kitambaa kinavyochuja nazi, bado zinasafisha maji, ilimradi hewa ipate nafasi ya kuingia katikati. Kwa hiyo jiwe lenyewe halikuwa linafanya kazi, lilikuwa nyumba ya kupanga. Wafanyakazi walikuwa kwenye ule utelezi unaoganda juu ya jiwe.

Kuanzia miaka ya 1890 miji ya Uingereza ikaanza kutumia vitanda vya mawe ambavyo maji taka yananyunyiziwa juu na kuchuruzika chini. Ukitaka kumjua babu wa filta ya bwawa la bustani, ni huyo.

Halafu ukaja mwaka 1914. Watafiti wawili wa Manchester walikuwa wanapuliza hewa kwenye mitungi ya maji taka. Mtungi wa kwanza ulichukua kama wiki 5 mpaka amonia yote ikageuka. Wiki 5! Mji gani utasubiri? Lakini kabla ya hapo watu waliokuwa wanajaribu njia hii ya kupuliza hewa walikuwa wakimaliza wanamwaga lile tope la chini, maana ni uchafu. Hawa wakaliacha. Wakamwaga maji safi ya juu, tope likabaki, wakaweka maji taka mapya. Safari hii kazi ikaenda haraka zaidi. Wakarudia, na kurudia, mpaka wiki 5 zikawa chini ya masaa 24.

Miaka yote ile watu walikuwa wanawatupa wafanyakazi wao kila jioni, halafu kesho yake wanashangaa kwa nini kazi haiendi.

Na hapa kuna kitu kitamu. Mwaka huohuo wa 1914, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na maonyesho makubwa Tokyo. Wanakijiji wa Niigata waliwapeleka koi wao huko, na Japani nzima ikawaona kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja, mji mmoja unamtambulisha samaki na mji mwingine unapata ujuzi ambao baadaye utamweka hai. Hakuna aliyemjua mwenzake.

KUTOKA TOPE MPAKA SARUJI

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo mawili yalimpa koi pasipoti: ndege, na mifuko ya plastiki iliyojazwa maji kidogo na oksijeni nyingi. Koi wakaanza kufika Marekani, Uingereza na kwingineko. Watu wakachimba mabwawa nyuma ya nyumba, wakaweka saruji au turubai la plastiki, maji ya bomba, samaki kumi. Na samaki wakaanza kufa.

Fikiria uchungu wake. Koi sio mapambo ya ukutani. Akitunzwa vizuri anaishi miongo kadhaa, anamzoea mwenye nyumba, anakuja kula mkononi. Watoto wanampa jina. Halafu unaamka asubuhi unamkuta anaelea, na hujui umekosea nini kwa sababu maji ni masafi.

Hapo ndo wakaingia watu ambao historia haiwataji kabisa: mafundi bomba, madereva, wastaafu, walimu, watu wa kawaida wenye koleo na mabomba ya plastiki. Wakachukua akili ya mitambo ya maji taka na kuiingiza kwenye mapipa na matangi ya zamani. Wengine waliweka kokoto. Wengine sponji na brashi. Wengine, usicheke, walinunua rola za nywele za saluni kwa mamia na kuzijaza kwenye tangi, pamoja na madodoki ya plastiki ya kuoshea sufuria.

Na rola zilifanya kazi! Sababu ni hesabu ya darasani. Chukua kipande cha mchemraba chenye upande wa sentimita 10. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 600. Kikate vipande vidogo vya sentimita 1, unapata vipande 1,000, na eneo linakuwa sentimita za mraba 6,000. Nafasi ileile, ila vyumba vya kupangisha vimeongezeka mara kumi. Rola na madodoki yana kuta nyingi na matundu mengi, maji yanapita bila kuziba. Kokoto nazo zina eneo, lakini ni nzito na zinaziba haraka, halafu kuziosha ni adhabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Norway ilitengeneza vijigurudumu vidogo vya plastiki vinavyoelea na kuzunguka kwenye maji taka, lengo likiwa kupunguza naitrojeni inayoingia baharini. Leo hivyohivyo vinauzwa kwa wafuga koi. Kwa mara nyingine, choo kikawa mwalimu wa bustani.

PIPA LENYEWE LINAFANYAJE KAZI?

Mfumo waliouacha wale mafundi wa nyuma ya nyumba ni rahisi. Chukua mfano wa bwawa lenye urefu wa mita 2, upana mita 1.5 na kina mita 0.8. Zidisha, unapata mita za ujazo 2.4, yaani lita 2,400. Ukitaka maji yote yapite kwenye filta kila baada ya masaa 2, unahitaji pampu inayosukuma lita 1,200 kwa saa zikiwa zimeshafika juu ya pipa, sio zile zilizoandikwa kwenye boksi. Kadiri maji yanavyopanda juu, pampu inachoka.

Pipa la kwanza ni la kutuliza. Maji yanaingia kwa pembeni, yanazunguka taratibu, kinyesi na mabaki ya chakula yanakaa chini, na bomba la chini linayatoa. Ukiruka hatua hii, takataka zinaenda kufunika nyumba za vijidudu na kuwanyima hewa.

Pipa la pili ndo mji wenyewe. Maji yanaingia chini, yanapanda katikati ya madodoki, rola au vipande vya mabomba, kisha yanatoka juu na kurudi bwawani kwa mteremko. Yakidondoka kama maporomoko madogo ni bora zaidi, yanabeba hewa.

Ukishamaliza, subiri. Kawaida ni wiki 4 mpaka 6 kwenye maji ya vuguvugu, kwenye baridi ni zaidi. Amonia inapanda kwanza, halafu inashuka wakati nitriti inapanda. Hapo usisherehekee, maana nitriti nayo ni hatari: inaingia kwenye damu ya samaki, damu inakuwa ya kahawia na inashindwa kubeba oksijeni. Kundi la pili la vijidudu likishakua, nitriti inashuka na inabaki nitrati, ambayo ina makali madogo sana. Hiyo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki na kuweka mimea. Kipindi chote hicho samaki wawe wachache na chakula kidogo.

Unataka kufupisha? Fanya kama wale Wafaransa walivyofanya na maji ya udongo: tafuta mbegu. Omba dodoki moja lenye utelezi kutoka kwenye filta ya mtu ambaye samaki wake ni wazima, liweke kwenye pipa lako likiwa bado bichi.

Hata ile chokaa ya kwenye mrija wa 1877 ina somo. Vijidudu hivi vikifanya kazi vinaongeza ukali wa asidi kwenye maji, na asidi ikizidi vyenyewe vinagoma. Ndo maana wafugaji wengi huweka magamba ya chaza kwenye filta, yanayeyuka kidogo kidogo na kutuliza maji.

KOSA LILELILE, KARNE NYINGINE

Sasa rudi kwenye klorofomu ya Paris na tope lililokuwa linamwagwa kabla ya 1914. Kuna njia ya kisasa ya kufanya yote mawili kwa dakika kumi. Jumamosi asubuhi mtu anaona filta imejaa utelezi wa kahawia, anashikwa na aibu, anafungua bomba na kusugua mpaka kila dodoki linang'aa.

Maji ya bomba ya mijini yanawekwa klorini ili kuua vijidudu. Mtindo huo ulianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1900, na umeokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini klorini haijui kijidudu kipi ni cha kipindupindu na kipi ni mfanyakazi wako. Inapita na wote, na hata matamvua ya samaki inayachoma. Filta inaoshwa kwa maji ya bwawa lenyewe kwenye ndoo, unatikisa kidogo takataka zitoke, unarudisha. Na maji mapya ya bomba yaondolewe klorini kwanza kabla hayajagusa bwawa.

Kosa la pili ni kuzima pampu usiku ili kubana matumizi ya umeme. Wale vijidudu wanavuta oksijeni kama samaki. Maji yakisimama ndani ya pipa, masaa machache tu yanatosha kuanza kuwaua.

Wanaojua vizuri maana ya kupoteza mfumo mzima ni watu wa Yamakoshi. Tarehe 23 Oktoba 2004 tetemeko la ardhi liliwapiga kisawasawa. Milima iliporomoka, barabara zikakatika, mabwawa yakapasuka, na wakazi wote wakaondolewa kwa helikopta. Koi wengi sana walikufa, pamoja na samaki wazazi ambao damu yao ilichaguliwa kizazi baada ya kizazi. Baadhi ya samaki nao waliokolewa kwa helikopta. Wafugaji waliorudi walianza upya kwa kuchimba mabwawa ya tope, kama mababu zao.

DENI LIKALIPWA

Kuna kipande kimoja cha mwisho. Kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vilifundisha kwamba lazima makundi mawili ya vijidudu yashirikiane, hakuna kijidudu kimoja kinachoweza kuitoa amonia mpaka nitrati peke yake. Mwaka 2015 timu mbili za wanasayansi zikatangaza kwamba kipo. Timu mojawapo, ya Uholanzi, ilikipata wapi? Kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki.

Maji taka yaliwafundisha wafuga samaki, na filta ya samaki ikaja kuwasahihisha maprofesa. Kitu hicho kilikuwepo muda wote, kimeganda kwenye ule utelezi ambao watu wanausugua Jumamosi asubuhi.

Kwa hiyo ukimkuta mtu kashika dodoki la filta na bomba la maji, mshike mkono kwanza. Mwambie asubiri, kuna watu wanaishi humo.

Na wewe mdau, ushawahi kupoteza samaki kwenye maji masafi kabisa? Filta yako umejaza nini, kokoto, sponji au rola za saluni? Tiririka hapo chini kwenye maoni.